Kola

Wendell Kratochvil aliandika filamu tisa, akaongoza nne,
na katika zote alimweka mwanamke anayepiga pasi.
Ukurasa wa arobaini, au hapo karibu:
jikoni, Jumapili, jioni. Shati jeupe.
Hasemi neno. Mvuke.

Nami, mhariri wake pale Burbank,
ndiye niliyeliondoa shati hilo
kwa mkasi, baadaye kwa wembe, mwishowe kwa kidole tu.

"Hakuna kinachotokea," walisema wenye fedha
mwaka wa kwanza, na sigara zao.
Mwaka wa kumi na tisa, wenye fedha wengine, na maji ya chupa:
"Inapendeza, lakini hakuna kinachotokea."
Wendell hakubishana.
Alikunja karatasi mara nne, kama leso,
akaitia mfukoni,
nikajua tutaonana nayo tena.

Alipata tuzo kwa ile ya wezi wa treni.
Alikosa kazi miaka sita kwa ile aliyoipenda.
Gari likauzwa, kisha nyumba,
kisha akawa analipwa kwa wiki
kutia maneno vinywani mwa watu wa hadithi za wengine,
jina lake lisitokee popote,
tabibu anayeingia kwa mlango wa nyuma.

Ndipo wakamwita watu wa wanga.
Wanga wa nguo, wa kupuliza, kopo la buluu.
Sekunde thelathini.
Sijapata kumwona akifanya kazi vile:
siku tatu kwa shati moja,
mwanga wa dirisha kutoka kushoto,
mkono wa mwanamke ukisita juu ya kifungo
kama anayekumbuka alichotaka kusema.
Nilikesha na mkanda ule.
Sikukata kitu.

Ulionyeshwa Jumamosi, katikati ya mechi,
Amerika nzima ikiwa imeinuka kwenda kuchukua bia.

Akampigia simu mama yake, Cedar Rapids,
Ludmila, miaka themanini na minane,
ambaye mapazia yake hunuka uji wa oti wa kiwandani.
Akaishika simu kati yetu ili nami nisikie.

"Nimeona," mama akasema.
Kiti kikalia huko Iowa.
"Huyo binti ameanza na mgongo.
Kola, Wendell. Mtu huanza na kola.
Ulikuwa unatazama nini miaka yote ile?"

Alicheka mpaka akaketi sakafuni.
Kisha akaitoa ile karatasi,
akaniuliza kama nina kalamu.