Betri ya Mbegu

Vifaranga elfu mbili mia nne, wa siku moja,
masanduku ya kadibodi yaliyotobolewa matundu,
feni nne za kuwapepea hadi Bungoma.
Usiku ule, Timboroa, trela lililala ubavu,
foleni ikaganda, ukungu ukaketi juu ya boneti.
Nikazima injini kuokoa dizeli.
Feni nikaziacha zizunguke.

Saa nane feni moja ikaanza kukokota pumzi.
Saa tisa, zote kimya.
Nikageuza ufunguo: tk.
Nikageuza tena: tk,
kama mtu ananisonya gizani.

Kulipokucha nilifunua sanduku la juu.
Sitasema nilichokiona.
Mwenye mzigo alihesabu,
akanikata mshahara kwa kichwa.

Fundi Awinja ana kibanda Shabaab, Nakuru.
Ukutani ameandika kwa rangi ya buluu: WAYA. BASI.
Alinisikiliza huku akimenya waya kwa meno,
kisha akauliza, bila kuniangalia:
"Kwenu mahindi ya mbegu mnayaweka wapi?"
Juu ya meko, nikasema, kwenye moshi.
"Na ghala likikauka Februari?"
Hayaguswi. Mama angekukata mkono.
"Basi wewe, dereva, usiku ule ulipika mbegu."

Nikanyamaza. Ningejibu nini?

Akaiteremsha betri ya pili nyuma ya kiti,
ndani ya sanduku la mbao alilolipigilia mwenyewe,
akaifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu
isije ikacheza ngoma kwenye matuta ya Salgaa.
Waya mwekundu, mnene kama kidole gumba;
fyuzi upande huu, fyuzi upande ule,
"maana waya una vichwa viwili,
na moto hauchagui wa kuanzia."
Akakwangua chasisi hadi chuma kikacheka,
hapo akakaza waya wa hasi:
"Rangi haipitishi umeme, ndugu.
Inapitisha lawama tu."

Halafu akatoa mfukoni kitu cheusi,
kidogo kuliko kipande cha sabuni.
"Huyu ni bawabu. Hasinzii, hahongwi.
Injini ikinguruma, ile ya kuwashia hula kwanza;
ikishiba, anafungua mlango, hii ya feni nayo inakula.
Ukizima, anawaacha watulie kidogo, anafunga.
Feni zikilia njaa usiku, zilie upande wao."

Akanipa mita niishike mimi, mikono yake ina grisi.
Washa, akamwambia kijana wake.
Kumi na mbili na nukta nne. Nukta tisa.
Kumi na tatu. Nukta moja. Nukta mbili,
ikakawia hapo kama mgeni mlangoni.
Nukta tatu,
na nyuma ya kiti: tak.

Nilicheka. Mtu mzima, miaka hamsini na mmoja,
mjukuu wa Wepukhulu mhunzi,
nachekea tak.

Nusu nililipa, nusu nikaahidi.
Akachukua brashi, akaandika jina langu na deni
chini ya BASI.

Ijumaa iliyofuata, Timboroa tena;
safari hii lori la viazi, limemwaga barabara nzima,
watu wanaokota kwa mwanga wa simu.
Nikazima injini. Feni zikaendelea.
Nilijifunika koti nikasikiliza nyuma yangu
ule mlio wao, kama mvua ndogo juu ya mabati.
Sikulala. Bawabu halali, mimi nilale?

Saa kumi na moja feni zilianza kuchoka.
Mkono ulinitetemeka, sifichi.
Nikageuza ufunguo,
na lori likaamka kwa neno moja,
likatikisa kioo, likatikisa rozari ya mke wangu.
Nikangoja. Nikahesabu kimoyomoyo.
Tak.

Jumatatu napitia Shabaab.
Kuna jina ukutani linataka kufutwa.