Kwa Ukubwa wa Ukucha

Ziemowit, miaka mitatu umeuandika mchezo huu
usiku, ukitoka zamu kwenye ghala la vigae,
na sasa wataka niukunje wote
uingie ndani ya picha ndogo kuliko stempu.

Jalada la kwanza nililichora kama mtu mwenye deni.
Zimwi, meno arobaini na mawili (niliyahesabu),
damu ikichuruzika kwenye ngazi, mwezi, kunguru,
na mwezi wa pili ndani ya dimbwi.
Jina nikalipamba kwa herufi za miiba.
Kwenye skrini yangu kubwa lilinguruma.
Ukasema, "Bogna, hili litauza."

Kisha nikalipunguza
hadi upana wa ukucha wa kidole gumba,
kama litakavyokaa dukani
katikati ya mazimwi mengine mia,
yote yameachama, yote mekundu,
wachuuzi wanaogombania mteja mmoja.
Nikampelekea mama simu. Alikuwa akimenya viazi,
miwani ameisahau juu ya redio.
Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.
"Biringanya," akasema. "Siku hizi mnauza mboga?"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na kibaya changu kilikuwa kimejitembeza
mpaka kimeishiwa pumzi.

Basi nikaanza kufuta.
Nilifuta mwezi, wa juu na wa dimbwini.
Nilifuta kunguru; hakuna aliyemlilia.
Damu ilikuwa imejificha chini ya tabaka kumi na tisa,
nikaitafuta, nikaifuta.
Meno ndiyo yaliyoniuma. Siku nne za kazi.
Kikabaki kiza, na njano chafu ya ukuta
wa korido uliyoijenga katika sura ya pili,
korido ya jengo lenu la zamani kule Bałuty.
Nje, theluji ya Łódź ilishageuka tope.
Nikafumba macho nusu.
Nikaigeuza picha yote kijivu nione kama kuna kitu.
Hakukuwa na kitu.

Ndipo nikakumbuka ulichonieleza mara moja, ukicheka vibaya:
kwamba ulipokuwa na miaka sita
hukuogopa uvunguni wala darini,
uliogopa makoti.
Makoti ya baridi, kwenye kulabu karibu na mlango,
mazito, yakinuka dawa ya nondo na watu waliokwisha kutoka.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Hakuna aliyekufundisha. Ulijua tu.

Nikachora makoti saba. Mstari mmoja, hayana makuu.
Chini ya koti la tano nikaweka miguu,
peku, myeupe,
vidole vimetuelekea.

Jina refu ulilolipenda nikalikata
likabaki neno moja, jembamba, wima,
lenye nafasi ya kupumua: KARIBU.
Mnunuzi achague maana.

Ukaniandikia saa nane usiku: "Zimwi liko wapi?"
Ndani, nikajibu. Atakayelipa ndiye atakayeliona.

Kwa ukubwa wa ukucha
ni nukta mbili nyeupe kwenye njano, basi.
Jicho linapita mazimwi mia, linakwenda zake,
linarudi.

Safari hii mama hakutafuta miwani.
Kiazi kilibaki mkononi, nusu kimemenywa.
"Nani huyo amesimama?"
"Hakuna mtu, mama. Ni makoti."
"Makoti nimeyaona. Nauliza huyo."

Siku ya kwanza watu kumi na mmoja
waliuweka kwenye orodha ya watakavyonunua.
Mmoja wao ni binamu yako. Hatujatajirika.

Lakini asubuhi ile, Ziemowit,
kulabu za korido yetu zilikuwa tupu.
Koti langu, koti lake, hata la marehemu baba,
yote yamelazwa juu ya meza ya jikoni, chini ya taa,
mikono imekunjuliwa,
na mama anakula mkate wima kando ya dirisha.
"Yalihitaji hewa," akasema,
na dirisha lilikuwa limefungwa.