Makato

Daktari alinikata tarehe nne Februari,
bega la kulia, kano tatu.
Alinieleza kabla: atapitia wapi, atashona nini.
Kisha wakanilaza usingizi,
nikaamka na nyuzi kumi na moja
na kiu.

Makato ya pili nilikuwa macho.

Bahasha ilifika Cloquet siku ambayo theluji
ilipanda hadi kwenye kitasa cha mlango.
Niliifungua kwa meno, mkono ukiwa ndani ya kombeo.
Malipo ya bima ya ulemavu wa muda:
asilimia sitini ya mshahara. Hilo nililijua.
Sikujua kwamba hata hiyo sitini
ina mwenyewe anayeisubiri mlangoni.

Ndani mlikuwa na karatasi inayouliza kwa adabu:
tukukatie kodi sasa, wiki kwa wiki,
au utailipa yote Aprili?
Miaka ishirini na sita nimefanya kazi
kwenye kiwanda cha karatasi.
Naijua karatasi kwa kuipapasa tu.
Hii ilikuwa nyepesi, gramu sabini na tano,
huenda ilipita mbele yangu ikiwa bado uji
nami nikaipisha.

Nikampigia Torvik wa ofisi ya mishahara.
"Sifanyi kazi," nikamwambia.
"Hata sidiria siwezi kuifunga. Hii kodi ni ya nini?"
Akanyamaza. Nikasikia faili likifunguliwa.
"Verna, bima yako ilikuwa inalipwa na nani?"
"Kampuni."
"Basi huo ni mshahara, kwa jina la pili.
Ungelipa wewe, kwa pesa iliyokwisha kukatwa,
wasingekukata tena."
Akasema pole. Namwamini.
Pole haina kodi.

Rahisi ghali, na mimi nilikuwapo siku ya kununua:
bwalo la chakula, kalamu za kampuni,
weka alama hapa, mwajiri alipe;
weka alama hapa, ulipe mwenyewe,
dola tisa kila wiki mbili.
Nani huacha cha bure akachukua cha dola tisa?
Delphine Aubid, peke yake.
Tulimcheka. Gus Sipola akambandika jina, Benki Kuu.
Delphine akaendelea kutafuna tufaha lake.

Mwaka juzi walipombadilisha goti
alikaa nyumbani wiki kumi na moja
na hundi zake zikaja nzima,
kama zilivyotoka.
Sasa ananiletea supu ya mchele mwitu
kwenye sufuria ya bluu yenye pengo,
anaiweka juu ya jiko, hasemi neno.
Natamani angesema.

Usiku bega likiniamsha
napiga hesabu nyuma ya bili ya gesi
kwa mkono wa kushoto;
tarakimu zinaegemeana kama walevi.
Sitini. Toa kumi na mbili katika kila mia.
Hamsini na mbili na ushei.
Toa kodi ya nyumba, maana nayo inaitwa kodi.
Toa gesi. Toa dawa. Toa lori.
Kinachobaki kimekaa kitandani,
kimevaa sweta la marehemu Ray.

Sisemi serikali ni mwizi.
Asubuhi ile ya kwenda kukatwa,
saa kumi alfajiri, barabara ilikuwa imeshafagiliwa theluji
na dereva wa greda alinipungia mkono.
Naye ana watoto. Kuna aliyemlipa.
Nachouliza ni kidogo tu:
mbona daktari alinieleza kabla?

Novemba nimerudi, nimepewa kazi nyepesi,
nahesabu maboksi.
Fomu zikaja tena, kalamu zilezile.
Nikaweka alama kwenye dola tisa
(siku hizi ni kumi na mbili),
nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto
kwa sababu wa kulia bado unatetemeka.

Jumatatu fomu ikarudi kwenye kabati langu
na kijikaratasi cha manjano, mwandiko wa Torvik:
Sahihi hii hailingani na ile iliyo kwenye faili.
Tafadhali thibitisha kwamba ni wewe.