Ngazi ya Komora

Kwetu Langoni siku mpya huzaliwa magharibi,
lakini Alhamisi yangu ilikataa kuzaliwa.
Muadhini akivuta pumzi tu,
nilikuwa tena kitandani, alfajiri, Jumatano,
kikombe cha jirani kikianguka ng'ambo ya ukuta
na mtoto akisema, "Si mimi!"

Kofia niliyokuwa nikiishona vito
ilirudi kila asubuhi kwenye mstari wa saba.
Nilishona hadi wa tisa. Wa saba.
Nilishona hadi wa kumi na mbili, kidole kikitoka damu. Wa saba,
na kidole kizima, hakina hata kovu la kunishuhudia.

Mwanzoni nilifurahi, nisikufiche.
Mjane hana haraka na kesho.
Nilimtukana mwenye duka la unga, akasahau.
Nililia barazani kwa sauti, wakasahau.
Nilimwambia Bi Maamuni siri ya miaka kumi na mmoja,
akanishika mkono, akalia nami,
na asubuhi akanipita akiuliza bei ya uzi.
Hapo ndipo nilipojua upweke una ghorofa ya chini.

Na kila saa nne kasorobo
alikuja yule wa stima,
ngazi begani, imekwama kwenye kona ya kichochoro
kama mfupa kooni.
"Bi Somoe, deni ni elfu tatu mia nne na themanini."
Nami humtukana: yeye, kampuni yake, ngazi yake,
na mji uliomlea.
Hupanda. Hukata.
Feni husita, huzunguka mara tatu, hufa.

Siku moja (sijui ya ngapi, ukuta haukuhifadhi alama)
nilichoka. Alipogonga nilinyamaza.
Akashusha ngazi. Akasema polepole,
kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu:
"Yeo umechelewa kunitukana."
Akalisema kwa Kiamu changu,
alichojifunza kwa matusi.

Yeo.
Sikuwa nimelisikia neno hilo kwa mtu mwingine
likiwa na jana ndani yake.

Tuliilaza ngazi, tukakaa, kila mmoja na kidato chake.
Komora, wa Garsen.
Binti yake anatimiza miaka saba Alhamisi;
amemnunulia viatu vyenye taa kisiginoni.
"Nilidhani wewe ni sehemu ya gurudumu," akasema.
"Na mimi nilidhani wewe ndiye gurudumu."
Tukacheka hadi paka akahama.

Aliendelea kukata, maana kazi ni kazi,
kisha tukanywa kahawa kwenye joto lisilo na feni.
Alinifundisha kupanda. Mimi, miaka hamsini na miwili,
buibui nimelifunga kiunoni,
niliuona mji kwa juu: madari, matangi meusi ya maji,
chupi za watu wenye heshima zikipepea.
Nilimfundisha kushona vito.
Alivunja sindano nne, na asubuhi zote zilikuwa nzima.
Kofia haikusonga. Mkono wake ulisonga.

Kisha nikaogopa.
Alhamisi ikija, deni likilipwa,
mtu wa stima ana haja gani na mlango wangu?
Nilitamani, Mungu anisamehe, viatu vile visivaliwe.
Nikamwambia.
Akatazama vidole vyake.
"Mimi pia," akasema, "kuna siku nilitembea polepole."

Magharibi ile muadhini alivuta pumzi,
akaendelea.
Adhana nzima. Nilikuwa nimesahau urefu wake.
Kisha giza la kweli, na mbu,
na kofia mapajani, mstari wa nane.

Asubuhi kikombe hakikuanguka.
Basi la Garsen lilikuwa limeshaondoka Mokowe.
Saa nne kasorobo hakugonga mtu.
Nilingoja. Saa nne. Saa nne na robo.
Nikafungua mlango mwenyewe:
ngazi imeegemea ukuta wangu,
nambari ya kampuni ubavuni,
uzi wangu mweupe umefungwa kidato cha tatu,
fundo baya, la vidole vinene.

Mali ya watu ile.
Lazima ataifuata.