Shimo Ni Lako

Saa saba usiku na dakika ishirini
mgodi hulipua mwamba chini ya Kiruna.
Vikombe hugongana kidogo kabatini,
dirisha hutoa mguno, kisha kimya.
Miaka thelathini na minane nililala juu ya mlipuko huo
kama mtoto mgongoni mwa mama.
Siku hizi naungoja.
Nimekaa kitandani, miguu sakafuni,
nahesabu: sasa. Bado. Sasa.

Upande wa pili wa godoro ni baridi.
Hjördis amehamia sebuleni tangu Novemba;
anasema kulala nami ni kulala na mlinzi wa lango.

Saa moja jioni kichwa kinaniangukia kwenye bakuli la supu.
Saa tisa usiku niko macho makavu.
Mwezi huu jua halichomozi kabisa,
na redio inasema, bila haya, ni alfajiri.
Alfajiri ya nani?

Basi wakaniita hospitali, chumba chenye pazia nzito
na taa hafifu kama kaa linalokufa.
Maj-Lis, binti wa Rune wa zamu ya pili,
akanipa kipande cha pamba:
"Tafuna, Eskil. Usimeze."
Kila saa pamba, kila saa kichupa,
jina langu, saa, jina langu, saa.
Sikujua kuwa mate hutunza daftari.
Sikujua kuwa usiku una ladha,
na ladha yake ni pamba.

Wakanionyesha karatasi mbili.
Moja ya mjukuu wangu Elof, miaka kumi na tisa,
aliyejitolea kwa pesa ya kununulia tairi.
Mstari wake umelala bapa hadi saa tano usiku,
kisha unapanda, mlima mzima na theluji yake.
Wangu uliondoka saa mbili,
kama abiria anayeogopa kukosa treni,
ukafika kwenye kichuguu, ukatazama huku na huku,
ukashuka.

"Melatonini," daktari akasema. "Homoni ya giza.
Kuna tezi katikati ya ubongo, punje ya mchele tu;
giza likiingia, inaimwaga.
Uzeeni mara nyingi huwa mkono wa birika,
na pengine chokaa hujijenga ndani yake.
Si kila mzee. Lakini wewe, ndiyo."

Chokaa! Nilicheka mpaka nikakohoa.
Nimechimba chuma maisha yangu yote,
kumbe kichwani nina mgodi wangu,
mdogo, unafungwa polepole,
na chama cha wafanyakazi hakijaarifiwa.

Mji wenyewe wanauhamisha, ardhi inapasuka.
Nyumba nzima zimepita barabarani juu ya malori,
mapazia yakiwa bado madirishani.
Wenye nyumba walilipwa fidia.
Asubuhi yangu imesogezwa saa tatu nyuma
na sijaona hata barua.

Juzi, mlipuko ulipopita, nikasikia jokofu likifunguka.
Elof, koti mwilini, viatu mkononi.
Usiku wake ulikuwa haujaanza; wangu ulikwisha.
Tulikutana kama watu wa zamu mbili kwenye lifti ya mgodini,
mmoja msafi, mmoja mweusi kwa vumbi.
Enzi zetu tulitikisiana vichwa tu:
shimo ni lako.

Nikachemsha kahawa, Hjördis asijue,
nikakata vipande vya jibini nikavitia kikombeni
mpaka vikalainika.
Akavila kwa kijiko, anapiga miayo.
"Babu, huwa unafanya nini saa hizi?"
"Naangalia kama kuna giza lililobaki."
Hakusikia. Shavu lilikuwa tayari juu ya mkono,
na mlima wake nikauona ukipanda,
pale, kwenye kope.

Nikazima taa, nisije nikampunguzia.
Nikakaa na kahawa iliyopoa,
nikilinda zamu isiyo yangu.