Rasimu ya Kumi na Moja

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, chumba cha darasa la tatu.
Madawati ya watoto yametukunja magoti hadi kidevuni,
na vumbi la saruji limetanda madirishani, kama kawaida ya Tororo.
Tuko saba. Chai ipo, sukari hakuna.
Katibu ni mimi. Zamani nilipiga chapa ofisi ya wilaya
hadi asubuhi ile vidole vilipotetemeka
nikaandika jina la marehemu kwenye cheti cha ndoa.

Kijitabu tulicholetewa kilikuwa cha Kiingereza.
Tulikisoma kama maelekezo ya dawa
ya ugonjwa wa jirani.
Tukasema, basi, kiandikwe Kiswahili,
lugha isiyo ya mama wa yeyote humu,
lugha ya mpakani, ya kudaiana na kusuluhishana;
hakuna aliyelelewa wala kulaaniwa kwayo.
Kantono akanong'ona: "Mimi nilipigwa kwayo,
mwaka ule wa askari."
Kimya. Birika likachemka peke yake.
Kisha yeye mwenyewe: "Andikeni.
Nataka niisikie ikiomba msaada."

Hatua ya kwanza ilitugharimu mwezi mzima.
Niliandika: Hatuna nguvu.
Emuria akasimama, dawati likasimama naye:
"Nimepakia mifuko mia mbili ya saruji kwa siku,
nikiwa nimelewa. Futa."
Nikaandika: Tumeshindwa.
"Mabao mangapi?" akauliza Mugoya.
Nikaandika: Sisi ni wanyonge. Wote wakaguna.
Hilo ni neno la wagombea wakija kuomba kura.

Ndipo Oketcho, fundi baiskeli, mtu wa maneno haba,
akasema huku anatazama grisi kwenye kucha zake:
"Homa ikimpanda mtu usiku
nyumbani hawasemi hana nguvu.
Wanasema amezidiwa.
Na wakishasema hivyo hakuna anayemlaumu.
Wanatafuta baiskeli."

Tumezidiwa.
Nililiandika kwa wino, si penseli.

Mvua za Aprili zikaja. Oketcho akakosa Alhamisi moja, mbili, nne.
Alionekana Malaba, nyuma ya malori,
kwenye duara la chungu cha ajono,
mrija mdomoni, ule mrija mrefu
wenye subira kuliko mke.
Mezani palikuwa na rasimu ya saba.
Mugoya akasema: neno la aliyerudi chunguni
litamponya nani?
Tukapiga kura kwa mikono. Nilihesabu mara mbili.
Neno lilibaki, kwa kura moja,
na sitasema ya nani.

Maana kazi yangu nyingine ni kufuta majina.
Emuria amekuwa "mwenzetu mpakiaji".
Kantono ni "mama mmoja".
Na Oketcho si chochote, ni neno tu,
ukurasa wa pili, mstari wa kwanza,
limekaa pale bila mtu
kama baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

Juzi alikuja binti kutoka Nagongera, ananukia waragi na sabuni.
Tukampa asome kwa sauti.
Kidole chake kikatembea, kikafika pale, kikagoma.
Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kukaa karibu na mlango.

Sasa ni rasimu ya kumi na moja
na hatua ya tisa bado ni nafasi tupu.
Kuomba radhi, tukasema; lakini hiyo ni ya mdomo.
Kulipa; lakini hiyo ni ya duka.
Kurudisha; na kilichokufa je?
Mimi niliuza mbuzi wa mama mkwe wangu,
mwenye mimba, kwa chupa tatu,
nikamsaidia kumtafuta hadi usiku, nikiita kwa sauti kuliko yeye.

Jumanne nakwenda Mulanda.
Nimenunua mbuzi, kamba ni ya kuazima.
Sijui nitasema nini mlangoni.
Nimebeba daftari na penseli,
pengine neno lenyewe liko huko.