Yatokanayo

Niliandika mihtasari ya Halmashauri ya Korrabin miaka kumi na tisa,
kwa taipureta kwanza, kisha kwa kompyuta
iliyogoma kila joto lilipovuka nyuzi arobaini.
Namjua kwa mwandiko kila karani aliyenitangulia:
Tunnecliffe, herufi zake zimeinama kama mtu akabiliye upepo;
Ambrose Gill, aliyemwaga chai mwaka wa ukame,
akalizungushia doa wino, akaandika pembeni: *ziwa*.

Kikao cha kwanza, 1871, kilikaa baa,
maana nyumba nyingine yenye paa zima haikuwapo.
Waliohudhuria: wanaume saba na mbwa.
Mbwa katajwa jina.
Waligombea daraja hadi usiku wa manane.
Hoja ya daraja ikaanguka.
Bili ya bia ikapita bila kupingwa.

Ukurasa wa kumi na nne una mstari mmoja:
*Blanketi sita, kwa weusi wa kijitoni. Shilingi thelathini na tatu.*
Basi.
Nimeusoma mara nyingi kuliko hotuba zote za wenyeviti.
Wao walikuwa na jina la kijito
kabla sisi hatujakigeuza mfereji;
jina hilo tukalichonga juu ya mlango wa ofisi, tukalikosea,
na kwenye orodha ya wasiohudhuria
hatukuwaandika, hata kwa udhuru.

Halafu sungura, kurasa mia moja na zaidi.
Halafu reli, na ngano inayotafuta reli.
Halafu panya, mwaka 1917, waliokula gundi ya majalada
hata miaka mitatu ya kodi ikabaki karatasi za kupeperuka.
Mwaka huohuo baraza likaazimia
Barabara ya Noske iitwe Barabara ya Ushindi,
maana Noske ni jina la Kijerumani.
Mzee Reinhold Noske alikuja Jumatatu kulipa kodi,
akahesabu sarafu moja moja mezani.
Wanawe wawili walikuwa Ufaransa, na sare zetu.
Mmoja yuko kwenye mnara wa mashujaa, mstari wa nne.
Kibao kikabadilika. Midomo haikubadilika:
*pita kwa Noske*, tulisema, na bado twasema.

Diwani Perce Hatherly alikaa barazani miaka thelathini na mmoja
akasemea jambo moja tu: kalvati ya kwa Noske.
Kila masika yalipoibeba, alisimama.
Kila alipoketi, hoja iliahirishwa.

Mwaka 1994 walikuja makamishna watatu kutoka Melbourne.
Mmoja aliuliza kahawa nzuri inapatikana wapi.
Tukaambiwa tu wachache mno: watu elfu moja mia tisa,
kondoo hawahesabiki.
Halmashauri tano zikamiminwa sufuria moja,
ikapewa jina la mlima
ambao huuoni ukisimama kwetu, hata juu ya ghala.

Kikao cha mwisho, Perce alivua kofia;
sikuwahi kujua kwamba ana upara.
Kalvati ya kwa Noske: imepita.
Mikono yote, hata ya wale waliompinga tangu ujana.
Pesa za kuijenga hazikuwa zetu tena, na kila mtu alijua.
Nikaandika: kikao kilifungwa saa nne na dakika kumi na mbili usiku.
Vidole, kwa mazoea, vikaendelea:
*Kikao kijacho kitafanyika tarehe*

Sikufuta.

Siku hizi ofisini wananyoosha watu migongo,
Jumanne na Alhamisi.
Greda lilipakwa rangi mpya; chini ya mlango wake
K yetu bado inachungulia.
Na majira ya baridi yaliyopita, baada ya mvua kubwa,
nilivaa mabuti nikaenda kwa Noske.
Maji yalikuwa yakipita chini ya barabara, kwa adabu,
ndani ya mabomba mawili ya zege mapya kabisa
yenye nembo ya halmashauri kubwa.
Leonie, kitukuu cha mzee, alikuwa juu ya trekta, tope hadi kiunoni.
Alinitazama. Nikatazama mabomba.

Sikuuliza risiti.
Iingie kwenye kumbukumbu.